Doto na Poti ya Kijani

Igogo, Mwanza
9 Novemba 2025

Mpendwa Mama Koku,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Barua yako niliipokea Jumanne, nikaisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa peke yangu baada ya watoto kulala, kwa sababu karibu kila ulichoandika kuhusu Koku mimi nilikwisha kukipitia. Unasema ametimiza miaka miwili na miezi minane, kwamba ukimkalisha kwenye poti anajikakamaza na kulia, kwamba ukimvua pampasi anakwenda kujificha nyuma ya pazia, na kwamba mama mkwe anasema umemdekeza. Simu ingetosha kukupa pole, lakini ninayotaka kukueleza ni marefu, na ningependa Baba Koku naye ayasome.

Wanangu unawajua, ila sidhani kama niliwahi kukusimulia habari hii. Kulwa na Doto walizaliwa kwa kupishana dakika kumi na tano. Wamenyonya pamoja, wamekula chungu kimoja, na poti niliwanunulia siku moja sokoni, ya Kulwa nyekundu na ya Doto ya kijani. Kulwa alijifunza kwa siku tisa. Doto alichukua miezi saba. Kwa hiyo atakapokuja mtu kukuambia kwamba mtoto anayekataa poti ana mama mvivu au mama anayedekeza, mweleze kwamba iko nyumba Igogo ambamo mama mmoja, kwa mikono ile ile na maneno yale yale, alifanikiwa kwa pacha mmoja na kushindwa kwa mwingine.

Haja ndogo Doto hakunisumbua. Alikuwa na dalili zote ambazo wauguzi wa kliniki hutuambia tuziangalie, ambazo kwa watoto wengi hujitokeza kati ya miezi 18 na miaka 3: alikaa saa mbili au zaidi akiwa mkavu, aliweza kuishusha bukta yake mwenyewe, na alijua kusema kwamba mkojo unakuja kabla haujaja. Haja kubwa ndiyo aliyoikataa kabisa. Ikimbana, aliondoka kimya kimya kwenda kusimama nyuma ya pipa la maji. Alisimama kwa ncha za vidole, mapaja ameyabana, mkono mmoja umeshika ukingo wa pipa, uso umemwiva, na vitone vya jasho vimemtoka juu ya mdomo. Nikimwona hivyo nilidhani anasukuma, nikawa namnyanyua mbio kumpeleka kwenye poti, naye alipiga mayowe yaliyofika hadi kwa majirani wa juu, maana unajua jinsi nyumba zetu huku zilivyopandana mawe kwa mawe, sakafu ya huyu ikawa usawa wa bati la yule. Kumbe Doto hakuwa akisukuma. Alikuwa akizuia. Nakuomba siku Koku atakapokwenda tena nyuma ya pazia usimkimbilie. Mtazame miguu yake. Mtoto anayesukuma hukunja magoti na kuinama, lakini anayezuia hujinyoosha, akabana makalio na kukaza miguu.

Mimi sikulijua hilo kwa miezi mitano, na katika miezi hiyo nilitenda makosa mawili ambayo hadi leo yananiuma. La kwanza ni kumlinganisha na ndugu yake. Kila Kulwa alipotoka kwenye poti nilimpigia makofi, kisha nikamgeukia Doto na kumwambia, "Umemwona mwenzako?" Baada ya siku chache poti nyekundu ikapotea, tukaja kuikuta uvunguni, imefunikwa kwa khanga. La pili ni kwamba jioni moja nilirudi kazini nimechoka, nikamkuta amejichafua muda mfupi tu baada ya kuinuka kwenye poti, nikamchapa mapajani. Tangu siku hiyo hata mkojo akaacha kuniambia. Zilipita wiki tatu kabla hajarudi kunivuta sketi na kusema anataka kukojoa, na katika wiki hizo nilijifunza kwamba kipigo kilikuwa kimemfundisha kitu kimoja tu, nacho ni kunificha.

Kisha bukta zake zikaanza kuchafuka kwa uchafu mwepesi, mara tatu au nne kwa siku. Nilidhani ni kuharisha. Katika duka moja la dawa niliuziwa dawa ya kufunga tumbo, na jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akanishauri nimwingizie kipande cha sabuni kwenye njia ya haja kubwa. Ya sabuni niliikataa, na ninamshukuru Mungu, kwa sababu huunguza ngozi laini ya mle ndani na kumzidishia mtoto hofu ile ile anayopambana nayo. Ile dawa nilimpa siku mbili, tumbo likajaa, akagoma kula, ndipo nikambeba kumpeleka zahanati.

Muuguzi alimlaza chali, akambonyeza taratibu upande wa kushoto chini ya kitovu, kisha akauchukua mkono wangu na kuuweka pale pale. Nilihisi vitu vigumu vimepangana kama kokoto ndani ya soksi. Akaniuliza ni lini Doto aliwahi kupata choo kigumu. Nikakumbuka kwamba tulipokwenda kwa bibi yao Sengerema alikunywa maziwa mengi na kula chakula kidogo sana, na siku moja alilia chooni, na kwenye karatasi kulikuwa na tone la damu. Doto alikuwa hajalisahau. Mtoto akiumia mara moja hujiapiza asirudie, naye hana njia nyingine ya kutimiza kiapo chake isipokuwa kujibana. Kinyesi kinachobaki kwenye utumbo mpana huzidi kunyonywa maji, kikawa kikubwa na kigumu zaidi, hivyo kikitoka kinauma kuliko mara ya kwanza na kuithibitisha hofu yake. Utumbo nao hutanuka hadi mtoto hasikii tena vizuri kwamba umejaa, na kile kilicho laini hupenya pembeni ya kile kigumu na kutoka bila yeye kujua. Huo ndio uchafu niliodhani ni kuharisha. Nilikuwa nimemchapa mwanangu kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo wa kulihisi, Mama Koku, na pale zahanati nililia mbele ya watu.

Daktari alimwandikia dawa ya maji ya kulainisha choo, akasisitiza kwamba tusiiache pindi choo kitakapolainika, kwa sababu utumbo uliotanuka huhitaji miezi kurudi katika hali yake, na wazazi wengi huikatisha mapema na tatizo likaanza upya. Ukiona Koku naye anapata choo kigumu au anakaa siku tatu nne bila kwenda, usimnunulie dawa kwa kukisia. Mpeleke apimwe, maana kipimo cha dawa hutegemea uzito na hali ya tumbo. Na ukiona damu nyingi, tumbo limevimba, anatapika au anapungua uzito, usingoje hata kesho.

Agizo la pili sikulitarajia. Muuguzi aliniambia niifiche poti, nimruhusu Doto kutumia nepi kwa haja kubwa bila neno lolote, na nisimtajie habari ya choo kwa mwezi mzima. Nilirudi nyumbani nikidhani tunarudi nyuma. Wakati huo tulishughulika na chakula tu: papai kila asubuhi, maharage, mchicha, viazi vitamu, maji ya kunywa mara kwa mara, na maziwa yakashuka hadi vikombe viwili kwa siku, maana hapo awali alikuwa akishibia maziwa na kuusukuma ugali pembeni. Ninyi Bukoba mna maparachichi na ndizi mbivu za kila namna, kwa hiyo hilo halitawapa taabu.

Mwezi ulipokwisha niliirudisha poti ya kijani bila kusema lolote, nikaiweka nje juu ya lile jiwe bapa lililo mbele ya mlango wetu, unalikumbuka, lile linalotazama ziwa. Kwa siku kadhaa Doto aliitumia kubebea magari yake ya kuchezea, nami sikumkataza. Baadaye akawa anaikalia akiwa amevaa nguo, akitazama mitumbwi na meli zinazokwenda na kurudi. Nikaanza kumkaribisha akae hapo dakika chache kila alipomaliza uji wa asubuhi na chakula cha jioni, kwa sababu tumbo likipokea chakula huuamsha utumbo, na katika nusu saa inayofuata mtoto hupata haja kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Hakukaa zaidi ya dakika tano. Akitaka kuinuka, aliinuka.

Hakikisha nyayo za Koku zinakanyaga chini vizuri na magoti yake yako juu kidogo kuliko nyonga, kama mtu aliyechuchumaa, kwa sababu mtoto anayening'iniza miguu hewani hawezi kusukuma. Usimlazimishe bado kutumia choo cha watu wazima. Choo chetu ni cha shimo, tundu lake ni pana kwa mguu wa mtoto, na ndani ni giza na inzi. Mtoto akiliogopa, mimi naona yuko sahihi. Kulwa mwenyewe alianza kuingia humo baada ya kutimiza miaka minne, akiwa ameshikwa mkono.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa naanika nguo, Doto amekaa kwenye poti bila bukta, kikombe cha uji kiko karibu naye, anahesabu mitumbwi. Alipofika wa sita akanyamaza. Nikamwona amejikunja, ameshika magoti yake, macho kayakaza kwenye maji. Sikugeuka wala sikusema neno. Niliendelea kukung'uta shuka moja ambayo nilikuwa nimekwisha kuikung'uta. Kisha akasimama, akageuka, akachungulia ndani ya poti kwa muda mrefu, akaniita. "Mama," akasema, "kumbe haiumi." Hapo nikamkumbatia, na Kulwa akaja kuchungulia naye, akampigia makofi bila kuambiwa na mtu.

Kinachotoka kwenye poti kimwage chooni, wala usimruhusu mtu akuambie kwamba mavi ya mtoto hayana madhara. Yana vimelea kama ya mtu mzima. Huku kwetu mvua ikinyesha, kila kilichotupwa kwenye mitaro na katikati ya mawe huteremka hadi ziwani, na ni ziwa hilo hilo ambalo watoto huogelea na akina mama hufulia. Kichocho cha tumbo huenea hivyo: mayai hutoka na kinyesi, yakifika majini huanguliwa, huingia kwenye konokono, kisha vimelea hutoka humo na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Huwa nakasirika sana nikiona pampasi zimetupwa mtaroni. Poti tunaiosha kwa sabuni na kuianika juani, na mtoto hunawa mikono pamoja nami kila anapotoka, hata kama hajapata kitu.

Sasa, huenda Koku hana choo kigumu hata kidogo. Unasema alikwisha kukaa majuma mawili bila pampasi mwezi wa saba, na kwamba alirudi nyuma mdogo wake alipozaliwa. Kama choo chake ni laini na hakimuumizi, basi mimi ningemtazama huyo mdogo wake kwanza. Anamwona mtoto mwenzake anavalishwa pampasi huku amepakatwa na mama yake, naye anataka pampasi na kupakatwa. Usimwambie kwamba yeye ni mkubwa sasa. Neno hilo humfukuza pale anapotaka kukaa. Mpe robo saa ya peke yake kila siku, wakati mdogo wake yuko kwa Baba Koku, na suala la poti liache lilale kidogo.

Kuhusu chekechea kufunguliwa Januari na mwalimu kutaka watoto wasiovaa pampasi, nenda ukazungumze naye mapema, na ikibidi mpeleke Koku mwezi wa pili au wa tatu. Na usiku usiuhesabu kabisa. Watoto wengi hukojoa kitandani hadi miaka mitano na zaidi, kwa sababu mwili wa usiku hukomaa kwa wakati wake. Doto bado hukojoa mara moja moja. Tumetandika nailoni chini ya shuka, na asubuhi tunatandua bila maneno.

Barua hii anakuletea binamu yangu anayepanda meli kuja Bukoba, na katika mfuko wa bluu utaikuta poti ya kijani, imeoshwa na kuanikwa siku mbili. Nilimwuliza Doto kama anakubali iende kwa Koku. Alifikiri, akakubali kwa sharti moja, kwamba Koku aiweke mahali pa kuonea meli. Nimemwahidi kwamba nyumba yenu inatazama ziwa upande wa pili, na kwamba atakapokuwa amekaa ataiona meli ile ile iliyoileta.

Msalimie sana Baba Koku na mama mkwe. Niandikie unieleze ulichokiona nyuma ya pazia.

Akupendaye,
Mama Kulwa na Doto