Paka kuvunjika mguu si lazima kapigwa

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, manake hili jambo huku Michenzani limeshageuka fitna. Mtu ana kitoto cha paka, kinaanza kuchechemea, mara hakiruki hata kwenye kiti, ukikishika kinalia, basi lawama zote kwa watoto wa jirani eti wamekipiga. Kuna watu hapa mtaani hawasalimiani kwa ajili hiyo, na kumbe paka alipopigwa eksirei mifupa ikaonekana imekonda vibaya na mguu umevunjika kwa kuruka kitandani tu.

Daktari wa mifugo akauliza anakula nini, bibi mwenye paka akajibu kwa fahari: mnofu mtupu wa nguru, mwiba haumfiki, na siku nyengine maini. Hapo ndo penye tabu. Kitoto kinachokua kinataka kwenye chakula madini ya kalsiamu yawe sawa na ya fosforasi au yazidi kidogo, lakini kwenye mnofu fosforasi inaizidi kalsiamu mara 15 mpaka 20, sasa mwili ukiikosa kalsiamu kwenye chakula unaichota kwenye mifupa. Paka wa marikiti Darajani wanaotafuna vichwa vya samaki na miba yake wanaipata bila ya mtu kuwadekeza. Na msihangaike kumuotesha jua asubuhi kama mtoto mchanga, ngozi ya paka haitengenezi vitamini D ya kutosha, ile inayousaidia mwili kuipokea kalsiamu, lazima aile.

Upo pia ugonjwa wa kuzaliwa nao, osteojenesisi imperfekta, huo kasoro iko kwenye kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoushikilia mfupa, na chakula hakiuponyeshi, ila ni nadra sana. Huu wa mnofu ukiwahiwa wengi wanapona: apewe chakula kamili cha vitoto vya paka, awekwe kwenye tundu asirukeruke mpaka mifupa ikaze. Ukichelewa nyonga inapinda, na choo kinakuwa shida maisha.

Jamani panadoli msimpe hata akilia vipi, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Ombi langu ni kwa wanaouza vitoto vya paka, maana hao ndo wanaomwambia mteja "huyu mpe samaki tu basi". Pesa mshachukua, mwambieni mtu na chakula chenyewe kinachotakiwa.

Msomaji wako,
Michenzani, Unguja