Usiku wa saa nane mchana

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku nyumbani hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Nimesoma ujumbe wako kuhusu mchezo mnaouandaa, Juliasi Kaizari, tamthilia ya Mwingereza Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, nikaona unavyohangaika: hamna ukumbi, hamna taa, mtaigiza uwanjani mchana, na sehemu mliyopangiwa ni ile ya bustani ya Brutus, anayekula njama ya kumuua Kaizari, ambayo yote ni ya usiku. Unauliza kama muombe kubadilishiwa. Msiombe, mwanangu. Hiyo sehemu iliandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa na shida hiyohiyo yenu.

Mwaka 1599 kundi la Shakespeare lilijenga jumba lao la michezo, Globe, kusini mwa mto Thames, London. Katikati palikuwa wazi, na waliolipa kiingilio cha chini walisimama hapo, jua lao, mvua yao. Tarehe 21 Septemba mwaka huohuo Mswisi mmoja aliyekuwa safarini, Thomas Platter, alivuka mto baada ya chakula, mnamo saa nane mchana, akatazama mchezo wa Julius Caesar ndani ya jumba lililoezekwa nyasi, wachezaji wapata kumi na watano. Aliyaandika hayo katika kumbukumbu za safari yake, na wataalamu wengi wanaamini jumba lenyewe ni Globe. Basi fikiria: Brutus anatoka nje kwake usiku wa manane, na juu ya kichwa chake kuna mbingu ya mchana.

Walikuwa na vifaa vichache. Mwenge, mshumaa, nguo ya kulalia. Mwenge haukumulika kitu. Ulimwambia mtazamaji kwamba aliyeushika haoni bila huo. Kazi iliyobaki ilifanywa na maneno, na hapa ndipo nataka unisikilize. Ukisoma tamthilia za enzi ile utaona neno usiku ni nadra kutolewa kama tangazo. Linatamkwa na mtu mwenye sababu yake.

Chukua Macbeth, mchezo mwingine wa Shakespeare. Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anapita uani na mwanawe, anamuuliza: usiku umefika wapi, kijana? (Nakupa kwa maneno yangu kutoka kwenye Kiingereza.) Mtoto anajibu kwamba mwezi umeshatua, lakini saa hakuisikia ikigonga. Baba anasema mwezi hutua saa sita. Mtoto anasema, nadhani imepita. Mistari minne tu, na giza limeshaingia, kwa kuwa baba anauliza kama mtu anayeogopa kulala. Usingizi umemlemea kama madini ya risasi, lakini hautaki, kwa ajili ya mawazo yanayomjia akipumzika. Baadaye Macbeth anamuuliza mkewe swali lilelile: usiku umefikia wapi? Mke anamwambia unagombana na asubuhi, haijulikani ipi ni ipi. Kufikia hapo Banquo ameshauawa, na aliyetuma wauaji ndiye huyu anayeuliza sasa. Mimi nimefundisha mchezo huo miaka mingi, na maswali hayo mawili bado yananitia baridi.

Kwa Marlowe, mtunzi mwingine wa enzi ile, Faustus, msomi aliyeuza roho yake kwa shetani, anaposikia saa ikigonga saa tano usiku anajua amebakiwa na saa moja kabla ya kuchukuliwa na mashetani, anawasihi farasi wa usiku wakimbie polepole. Julieti, yule wa Romeo na Julieti wa Shakespeare, yeye anawahimiza farasi wa jua wakimbie upesi ili usiku umletee mumewe. Mmoja anauzuia usiku usiishe, mwingine anauita uje, na wote wawili walisimama kwenye mwanga uleule wa alasiri.

Sasa bustani yenu. Jambo la kwanza Brutus analotuambia ni kwamba haoni kwenye nyota dalili ya kujua alfajiri iko mbali kiasi gani. Anamwita mtoto Lucius, anamtuma akawashe mshumaa chumbani. Halafu wanafika wenzake wa njama, waliojifunika nyuso. Mmoja wao, Cassius, anamvuta Brutus pembeni wanong'one, na wale wengine wanabaki wamesimama bila la kusema. Wanaanza kubishana mashariki ni wapi! Mmoja anasema huku ndiko kunakopambazuka, Casca anakataa, mwingine anashikilia kwamba ndiko, Casca anachomoa upanga anaonyesha: jua litachomoza hapa nilipoelekeza, zaidi kusini, kwa sababu mwaka bado mchanga. Wamekuja kupanga kuua mtu na wanazungumzia jua. Msiipunguze sehemu hiyo hata kama mwalimu wenu ataiona haina maana. Watu wanaoogopa huongea hivyo. Na huyo Casca anayeonyesha mashariki kwa upanga ndiye atakayekuwa wa kwanza kumchoma Kaizari.

Kisha saa inagonga mara tatu, kwa hesabu yetu saa tisa usiku. Wasomi wamesema sana kwamba Roma ya Kaizari haikuwa na saa za kugonga, na ni kweli, lakini Shakespeare aliihitaji ili wale watu wajue muda unawaponyoka. Gongeni chuma chochote, lakini waigizaji wote wanyamaze na kuhesabu kweli, midomo ikitikisika.

Wenzake Brutus wakishaondoka anakuja mkewe, Portia, na hapa nakuomba umsaidie huyo binti anayemwigiza. Brutus anamkemea kwa upole kwamba asitoke kwenye baridi ya asubuhi, afya yake haimruhusu. Portia anaipokea asubuhi hiyo, anamuuliza mgonjwa gani anatembea kifua wazi kwenye unyevunyevu wa asubuhi. Halafu anaendelea, na neno linageuka: mgonjwa gani anatoroka kitandani kwake akajitie kwenye maradhi ya usiku? Brutus ameshasema asubuhi, kama mtu ambaye mambo yake yamekwisha. Mkewe anaurudisha usiku, kwa sababu anajua kuna kilichofanyika humo ambacho hakuambiwa. Binti asiyaseme maneno hayo mawili kwa sauti moja. Asitishe kidogo kabla ya la pili, amtazame mumewe usoni, ndipo aliseme.

Nitakuja Jumamosi kwenye mazoezi kama mtaniruhusu.

Mama yako