Kisu cha kukunja cha bei nafuu kinauawa na jiwe kavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji nikitetee kisu cha kukunja cha bei nafuu. Kila mara yanasikika malalamiko yaleyale: kilikata vizuri mwanzoni, kikawa butu, kikapelekwa kwa fundi wa kunoa, kikarudi kinang'aa, na wiki haikuisha kikawa kinakata kama mgongo wa kijiko. Lawama zinatupiwa bei. Bei haihusiki. Kilichokiharibu ni jiwe la kuzungusha lisilo na maji.

Kisu hupewa ugumu wake kiwandani: kinapashwa moto mkali, kinazimwa ghafla, kisha kinapashwa tena kwa joto dogo lililopimwa. Kikipata joto kubwa kuliko hilo la mwisho, ugumu unaondoka. Na makali ni membamba, hayana pa kulipeleka joto, kwa hiyo sekunde chache za kukandamizwa kwenye jiwe kavu zinatosha. Dalili huonekana kwa macho. Chuma kinageuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Ukiona buluu, joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na chuma pale kimeshalainika. Fundi akipitisha msasa rangi inatoka na mteja anaondoka ameridhika, lakini ulaini umebaki palepale. Dawa ni moja tu, kukisaga kwa mkono kwenye jiwe lenye maji mpaka uipite sehemu iliyoungua, pengine milimita 1 au 2. Wapo mafundi wanaochovya kisu majini kila wanapokipitisha jiweni mara moja. Hao ndio wa kupewa kazi.

Jiwe la kuzungusha lina kosa la pili ambalo halisemwi sana. Karibu na ribiti, ule msumari unaoliunganisha bapa na mpini, mwanzoni mwa makali, kisu cha kukunja cha springi kina kinundu kidogo kisicho na makali. Kazi yake ni kukaa juu ya springi kisu kinapofungwa, ili makali yabaki yananing'inia ndani ya mpini bila kugusa kitu. Fundi asiyekijua akikisaga kinundu hicho, bapa linazama zaidi, na kila unapokifunga makali yanagonga chuma cha springi. Ukiona kisu kinakuwa butu mahali palepale kila siku, kague hapo kwanza.

Kunoa nyumbani si kazi ngumu. Tafuta jiwe la pande mbili, upande mmoja wa chenga na mwingine laini, ulitumbukize majini mpaka viputo viache kutoka. Laza bapa, kisha inua mgongo wake. Kwa bapa la upana wa sentimita 2, mgongo uwe juu ya jiwe kwa milimita 6 au 7, ambayo ni pembe ya nyuzi 20 hivi. Anzia shinani umalizie kwenye ncha, upande mmoja tu, mpaka upande wa pili, ukipapasa kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, usikie ukwaruzo mwembamba wa chuma kilichojikunja. Usikike kutoka shina hadi ncha. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanageuza kisu kabla ukwaruzo haujatokea, au wanabadilisha pembe kila mara wakainyanyua sana, na makali yanakuwa ya mviringo. Ukishausikia, geuza, ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Halafu hamia upande laini, mkono mwepesi, mara moja huku mara moja kule, na umalizie kwa kukiburuta kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Asiye na jiwe laini atumie ule ukingo mkavu usiong'arishwa chini ya kikombe cha udongo. Unafaa kabisa.

Kuhusu kipi cha kununua, kwa maoni yangu kisu cha mpini wa mti na bapa moja kinakishinda kile chenye vifaa kumi na viwili vilivyolegea. Okapi ni mfano mzuri. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika, nchi yetu ikiwa mojawapo, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu. Aina yake yenye pete ina meno shinani mwa bapa na springi mgongoni mwa mpini. Unapokifungua husikika kikilia ta-ta-ta, na hakifungiki mpaka uivute pete. Ukipenda kisu kidogo zaidi, Opinel ya Ufaransa namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na, tangu 1955, pete ya kuzungusha kwa mkono inayolikaza lisikunjike.

Dukani omba kukifungua. Shika ncha uitikise kushoto na kulia: kikicheza sana, ribiti ni legevu. Kifunge ukitazame kwa juu, bapa likae katikati bila kusugua ubavu. Kipimo cha sumaku hakisaidii, maana visu vingi vya chuma kisichoshika kutu navyo vinanaswa na sumaku.

Ribiti ikilegea baadaye usikitupe. Weka kichwa chake kimoja juu ya chuma kizito, gonga kingine polepole kwa nyundo ndogo, na kila baada ya mapigo mawili jaribu kufungua. Ukizidisha, bapa litagoma. Mpini wa mti nao huvimba kwa unyevu, hasa kwetu pwani, na kisu kikakataa kufunguka. Kianike kivulini siku mbili, usikiweke juani wala karibu na jiko, mti utapasuka.

Bapa la chuma cha kawaida likikata ndimu au embe bichi hugeuka kijivu. Hiyo si kutu, liache. Kutu ni ile nyekundu, na huletwa na kukunja kisu kikiwa na maji au chumvi ya samaki. Kifute, kipake mafuta ya nazi. Penye ribiti tia tone la mafuta ya cherehani, kwani mafuta ya alizeti yakikaa yanakuwa gundi.

Kikitunzwa hivyo, faida yake haina mjadala. Mkulima anabebeshea miembe, akikata kikonyo, kile kijitawi cha kupandikiza, mshazari mara moja bila kukichana nyuzi. Fundi umeme anamenya waya, ila alaze bapa karibu liwe sambamba na waya, asikate kwa kuzungusha, maana alama ndogo kwenye shaba ndipo waya hukatikia. Kamba za katani, mifuko ya saruji, maboksi, machungwa ya njiani, vyote ni kazi yake. Kufungua skrubu si kazi yake: ncha ngumu haipindi, inavunjika na kuruka.

Msafiri akiweke kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege. Anayekwenda Uingereza ajue kwamba kisu ambacho bapa lake hukazwa lisikunjike kikishafunguliwa, kama Okapi ya pete na Opinel, hakiruhusiwi kubebwa hadharani bila sababu ya msingi, hata kiwe kidogo.

Ombi langu kwa wauza vifaa ni dogo: kila kisu cha kukunja mnachouza, uzeni na jiwe la kunolea pembeni yake. Na mafundi wa mawe, wekeni kopo la maji karibu na mkono.

Msomaji wako,
Tanga