Maandalizi ya Jumamosi: kahawa na vipokezi

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi kikundi chetu cha kujisomea kinaanza saa 2 asubuhi, si saa 3, ukumbi ni uleule.

Juzi mmoja wetu aliuliza kahawa inatupa nguvu gani hasa. Haitupi nguvu yoyote! Tunapokuwa macho, kemikali ya mwili iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni kidogo kidogo. Ikikaa kwenye vipokezi vyake (sehemu za seli zinazoipokea), seli za neva hupunguza kasi na usingizi unakuja. Sasa kafeini, ile kemikali iliyomo kwenye kahawa, ina umbo linalokaribiana na la adenosini, kwa hiyo inaingia kwenye kipokezi kilekile, ila haikiamshi. Ni sawa na abiria aliyekalia kiti cha dereva: gari haliendi, na dereva hana pa kukaa. Adenosini yenyewe haijaondoka, inasubiri tu. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini hubaki mwilini saa 5 hivi baadaye, basi anayekunywa kikombe saa 12 jioni asishangae kugeukageuka kitandani. (Najisema mwenyewe.)

Kiingiacho bila kuamsha kipokezi huitwa antagonisti. Kinachoamsha, kama mofini (dawa kali ya maumivu) kwenye vipokezi vya opioidi, yaani vile vinavyopokea dawa za jamii ya mofini, ni agonisti. Mkija, kila mmoja awe na jibu la swali hili: kwa nini dawa ya nalokisoni, ambayo ni antagonisti wa vipokezi hivyo hivyo, humrudishia pumzi aliyezidisha mofini, lakini baada ya muda anaweza kuzimia tena?

Wenye daftari la kikundi walilete tafadhali. Chai ipo, kahawa kila mtu na yake.