Mwacheni mtoto mwenye ualbino avae kofia shuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wakuu pamoja na kamati za shule za msingi. Nina watoto wanne, na wawili kati yao wana ualbino. Muhula uliopita binti yangu wa darasa la nne alivuliwa kofia mstarini kwa kuwa si sehemu ya sare, akasimama juani hadi matangazo yalipokwisha. Alirudi nyumbani masikio na shingo vimeiva, usiku hakupata upande wa kulalia.

Mwalimu huyo simchukii. Naamini hakujua. Ngozi ya binti yangu haina melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kuzuia miale ya jua, na madhara yake hulimbikizana tangu utotoni. Ndiyo maana wenye ualbino hapa nchini hupata saratani ya ngozi wangali vijana, hasa usoni, masikioni, shingoni na mdomoni. Mara nyingi huanza kama kidonda kidogo au gamba lisilopona. Ile aina iitwayo melanoma ni nadra kwao, lakini ikitokea huweza kukosa weusi unaotushtua, kwa hiyo hata kivimbe chenye rangi ya waridi kionwe na daktari.

Wakwe zangu walisema nimeleta mkosi kutoka kwetu. Mume wangu, Mungu ambariki, alifuatana nami kliniki tukaelezwa kwamba ualbino wa watoto wetu wameurithi kwa baba na mama. Kila mmoja wetu amebeba kinasaba hicho bila kuonekana kwenye ngozi yake, na kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne. Wanawake wangapi wameachwa kwa jambo ambalo baba naye amelichangia! Hilo linaniuma kuliko maneno ya wakwe.

Vinasaba hatuwezi kuvibadilisha. Jua tunaweza kumkinga nalo mtoto, na kwa saa nyingi za mchana yuko mikononi mwenu, walimu. Mruhusuni kofia pana, mikono mirefu na suruali au sketi ndefu, hata siku za mawingu, maana miale hupenya. Michezo na usafi wa mazingira visimkute nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Mafuta ya kujikinga na jua yapo, hata hospitali ya KCMC huko Moshi yanatengenezwa kwa ajili yao, ila hupakwa tena mchana; basi akikutwa na kichupa kwenye begi msimnyang'anye mkidhani ni urembo.

Macho yao pia hayaoni mbali. Mketisheni mbele, karibu na ubao, lakini si dirishani jua linapoingia.

Mama wa watoto wanne,
Shinyanga