Mtoto anayekwamwa na chakula achunguzwe umio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu na matabibu wetu wa zahanati kuhusu watoto wanaokwamwa na chakula mara kwa mara.

Mwanangu yuko kidato cha tatu. Kwa miaka hakuweza kula bila kikombe cha maji pembeni. Nyama aliikatakata kama punje za mahindi, chapati mpaka ilowe mchuzi, na siku zote alikuwa wa mwisho kunyanyuka mkekani. Majirani walisema anadeka. Wengine wakashauri akatwe kimeo. Zahanati tulipewa dawa za vidonda vya tumbo, tukarudi, tukapewa zilezile.

Mpaka finyango la nyama lilipoziba kabisa, akawa anatema hata mate yake. Hospitali ya rufaa walipitisha kamera, wakalitoa, kisha daktari akachukua vinyama sita kutoka sehemu mbalimbali za umio, yaani koo la chakula. Maabara ikakuta umejaa chembe nyeupe za damu za mzio, ambazo umio wenye afya hauna kabisa. Ndio ugonjwa wa mzio wa umio (kwa Kiingereza eosinophilic esophagitis). Mtoto huyu ana pumu tangu mdogo, na magonjwa haya mawili huandamana sana.

Matabibu, nawasihi: umio wa namna hii unaweza kuonekana safi kwenye kamera. Vinyama visipopimwa, ugonjwa unapita bila kugunduliwa, na miaka ikienda makovu hulibana koo la chakula.

Sasa anatumia dawa ya pumu ya kupuliza, ila haivuti kifuani. Anaipuliza mdomoni na kuimeza, halafu hali wala hanywi kwa nusu saa. Maziwa tumeyaacha, kwani ndiyo yanayoongoza kuuchochea mzio huu, yakifuatiwa na ngano na mayai. Chai ya rangi ameizoea. Shida ni biskuti na siagi. Wapo wanaopata nafuu kwa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, peke yake. Ugonjwa wenyewe hauishi, dawa ikiachwa hurudi, na kamera hurudiwa maana mtu anaweza kumeza vizuri huku umio bado umevimba.

Na tonge likikwama mpaka mate hayapiti, msimsukumizie ugali kama tufanyavyo kwa mwiba wa samaki. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Mama wa watoto wawili,
Tanga