Jumamosi: kuunganisha QLC+ na Capture

Habari za jioni ndugu zangu. Tutaunganisha QLC+, programu ya kuendesha taa za jukwaa, na Capture, programu inayoonyesha jukwaa na taa hizo kwenye skrini. Jumamosi tunaanza saa 3:00 asubuhi, si saa 5:00, kwa sababu ukumbi una sherehe mchana. Mchango ni sh. 5,000 kila mmoja, ya kebo za mtandao na chakula.

Tutakaa wawili wawili, laptopu moja QLC+, nyingine Capture, kebo ikipita kati yao. Tuache Wi-Fi, Art-Net (njia ya kutuma amri za taa kwenye mtandao) hukwamakwama humo na taa zinaruka.

1. Sakinisha programu yako nyumbani. Laptopu isiyo na tundu la kebo ije na adapta.
2. IP (anwani ya laptopu kwenye mtandao): QLC+ 2.0.0.10, Capture 2.0.0.11, maski 255.0.0.0.
3. Muvingihedi (taa za kichwa kinachozunguka) 8 za chaneli 16, yaani namba 16 za amri kila moja, zinaanza 1, 17, 33 hadi 113. PAR (taa zisizozunguka) 12 za chaneli 8 zinaanzia 129.

Tafadhali hakikisheni modi (mpangilio wa chaneli) ya kila taa inafanana pande zote mbili. Hapa ndipo kazi huharibika zaidi: modi zikitofautiana, unapandisha mwanga, kichwa kinazunguka.

Jukwaa la Capture likibaki giza, ruhusu UDP 6454, mlango wa Art-Net, kwenye fayawoli (kinga ya mtandao ya laptopu). Kisha tazama namba ya yunivasi (kundi la chaneli 512): Art-Net huhesabu kuanzia 0, QLC+ inakuonyesha 1, na tofauti hiyo ya moja inatosha kupoteza data yote.

Naomba kila mmoja ajibu hapa kabla ya Alhamisi saa 12 jioni: NIPO au SIPO, na utashika programu ipi. Asanteni sana.